Maharage ya mawese

Maharage ya mawese (pia: maharagwe ya mawese) ni chakula kinachotengenezwa kwa maharage makavu yaliyochemshwa mpaka yakalainika, kisha kuungwa kwa mafuta mekundu ya michikichi, vitunguu, nyanya na chumvi. Ni kitoweo cha kawaida katika Mkoa wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania, pamoja na nchi jirani za Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo huliwa nyumbani karibu kila siku, na hupikwa kwa wingi kwenye harusi, misiba, ubatizo, sikukuu na mikusanyiko mingine ya ukoo.

Ni chakula rahisi kutengeneza, lakini kupikia watu wengi kunahitaji uangalifu. Maharage yasiyoiva vizuri yana sumu ya asili inayoweza kuwaugusha wageni wote kwa mara moja, na maharage yaliyoiva yakikaa kwa muda mrefu bila moto huharibika kabla harufu haijabadilika.

Jina

Neno mawese lina maana ya mafuta yanayotoka katika nyama ya tunda la mchikichi (kwa jina la kisayansi Elaeis guineensis). Tunda lenyewe huitwa chikichi. Mafuta hayo ni mekundu au ya rangi ya machungwa, tofauti na mafuta ya mawese ya viwandani ambayo husafishwa mpaka yakapoteza rangi na harufu yake.

Maharage ni mbegu za mmea Phaseolus vulgaris. Tanzania bara watu wengi husema maharage, na katika vitabu vingi vya Kiswahili sanifu huandikwa maharagwe. Maana ni ileile.

Mazao ya milimani na mazao ya ziwani

Chakula hiki kinaunganisha sehemu mbili za Mkoa wa Kigoma zenye hali tofauti ya hewa. Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa meta 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Kando yake, kwenye joto na unyevu, ndiko michikichi inakostawi. Kasulu na Kibondo ziko juu zaidi, kwenye mwinuko unaozidi meta 1,000, ambako hewa ni ya baridi kiasi na maharage hustawi vizuri kuliko michikichi.

Katika nyanda hizo mvua huanza kwa kawaida mwezi Oktoba au Novemba na kumalizika karibu na Mei. Maharage hukomaa kwa miezi mitatu hivi, kwa hiyo msimu mmoja wa mvua unaweza kutosha kuyapanda mara mbili. Mara nyingi hupandwa pamoja na mahindi, mihogo au migomba katika shamba lilelile. Mizizi yake huishi na bakteria wanaochukua nitrojeni kutoka hewani, jambo linalosaidia rutuba ya udongo.

Chumvi nayo ina historia katika mkoa huohuo. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, kusini mwa Kasulu, zimetumika kutengenezea chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi hiyo iliuzwa mbali katika eneo la Maziwa Makuu, ikiwemo Buha na Burundi. Hivyo vitu vitatu vya msingi vya chakula hiki, yaani maharage, mawese na chumvi, hupatikana vyote ndani ya mkoa mmoja.

Historia

Wenyeji wengi wa Kasulu na Kibondo ni Waha. Nchi yao, Buha, iligawanyika zamani katika falme kadhaa, zikiwemo Heru katika eneo la Kasulu na Muhambwe katika eneo la Kibondo.

Maharage ya aina hii si zao la asili la Afrika. Yalianza kulimwa na wenyeji wa Amerika, katika sehemu mbili tofauti: Meksiko pamoja na Amerika ya Kati, na milima ya Andes. Yalifika Afrika baada ya Wareno kuanza kusafiri baina ya mabara katika karne ya 15 na ya 16. Mahindi, mihogo, nyanya, pilipili na parachichi pia vina asili ya Amerika. Kabla ya mazao hayo kuenea, jamii za Afrika Mashariki zilikuwa na jamii kunde za Kiafrika kama kunde na njugumawe, pamoja na nafaka kama mtama na ulezi. Mchikichi ni mti wa Afrika, asili yake ikiwa Afrika ya Magharibi na ya Kati.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na kuunganisha pwani ya ziwa na Dar es Salaam. Katika siku za karibuni maharage ya nyanda za juu husafirishwa pia kwa malori kupitia barabara ya Kigoma, Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi mkoani Kagera. Kwa upande wa michikichi, kuanzia mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilianza juhudi mpya za kulifufua zao hilo mkoani Kigoma, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Kihinga kilipewa kazi ya kuzalisha mbegu bora.

Vita na machafuko katika nchi jirani vimeleta watu wengi katika eneo hili. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Wakongo na Warundi nao hula maharage kwa mawese, kwa hiyo chakula hiki ni cha pamoja kwa wenyeji na wageni.

Aina za maharage

Sokoni maharage hupimwa kwa kilo, kwa sado au kwa debe, na huuzwa kwa rangi: mekundu, ya njano, meupe na yenye madoa. Wapishi wa shughuli kubwa huangalia zaidi mambo matatu kuliko rangi.

La kwanza ni umri. Maharage ya msimu uliopita, hasa yaliyohifadhiwa mahali pa joto na unyevu, huwa magumu na yanaweza kuchemka kwa saa nyingi bila kulainika. La pili ni usawa. Mchanganyiko wa maharage mapya na ya zamani hutoa sufuria yenye punje zilizopondeka pamoja na punje ngumu. La tatu ni wadudu: punje zenye matundu zimeliwa ndani na fukusi. Ili kuzuia wadudu, wakulima wengine huhifadhi maharage makavu katika mifuko isiyopitisha hewa.

Mahitaji

Kwa watu 50 wanaokula maharage kama kitoweo kikuu, kadirio ni gramu 100 za maharage makavu kwa kila mtu. Maharage huongezeka uzito mara mbili na nusu hivi yakiiva, kwa hiyo kila mtu atapata gramu 250 hivi. Mahitaji ni haya:

- Maharage makavu kilo 5
- Mawese kati ya robo tatu lita na lita 1
- Vitunguu maji kilo 1 na nusu
- Nyanya mbivu kilo 2
- Chumvi gramu 100 hivi, kisha kuongeza kwa kuonja
- Karoti, pilipili hoho, vitunguu saumu na pilipili kali kwa kadiri ya upendeleo
- Sufuria ya lita 30 au zaidi, kwa sababu maharage hufura na maji yanahitaji nafasi ya kuchemka

Maandalizi

Kuchambua. Maharage huwekwa kwenye ungo, hupetwa, na mawe, maganda na punje mbovu hutolewa. Kazi hii hufanywa kukiwa na mwanga wa mchana, kwa kawaida siku moja kabla ya shughuli.

Kuloweka. Maharage huoshwa na kulowekwa katika maji mengi usiku kucha, au kwa muda usiopungua saa 5. Maji hayo humwagwa asubuhi na maharage huoshwa tena.

Kuchemsha. Maji mapya huwekwa mpaka yafunike maharage kwa upana wa kiganja. Moto huwa mkali mwanzoni mpaka sufuria yote itokote, na huachwa utokote hivyo kwa nusu saa. Baada ya hapo moto hupunguzwa na maharage huendelea kuiva polepole, sufuria ikiwa imefunikwa. Maji yakipungua huongezwa maji ya moto. Maharage mapya yaliyolowekwa huhitaji saa moja na nusu hadi mbili. Yasiyolowekwa huhitaji muda mrefu zaidi.

Kupima. Punje kadhaa huchukuliwa kutoka juu, katikati na chini ya sufuria. Zikibonyezwa kwa vidole zinapaswa kupondeka mara moja, bila kiini kigumu. Punje moja laini haitoshi kuthibitisha kwamba sufuria nzima imeiva.

Kuunga. Mawese hupashwa moto katika sufuria nyingine mpaka yayeyuke na kuanza kutoa harufu, bila kuachwa yatoe moshi mwingi. Vitunguu hukaangwa humo mpaka vilainike, kisha nyanya huongezwa na kupikwa mpaka zipondeke na mafuta yaonekane pembeni. Maharage huongezwa pamoja na sehemu ya maji yake. Nyanya hutangulia kuiva peke yake kwa sababu uchachu wake huchelewesha maharage kulainika kama ukiwekwa mapema.

Kuzitisha. Sehemu ya maharage, kama robo hivi, hupondwa kwa mwiko dhidi ya ukingo wa sufuria ili mchuzi uwe mzito. Chumvi huongezwa, na vyote huachwa vichemke pamoja kwa dakika 15 hadi 20.

Wapishi wengine huongeza magadi wakati wa kuchemsha ili maharage yaive haraka. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu sehemu ya vitamini za kundi B, hasa thiamini, na yakizidi huacha ladha ya sabuni.

Usalama wa chakula

Maharage mabichi, hasa mekundu, yana protini inayoitwa lektini ya maharage (kwa jina la kitaalamu fitohemaglutinini). Punje nne au tano mbichi zinaweza kumfanya mtu apate kichefuchefu, kutapika sana na kuharisha ndani ya saa 1 hadi 3. Kuloweka peke yake hakuondoi sumu hiyo. Inayoiharibu ni kuchemka kwenyewe: maji yanapaswa kutokota kweli kwa angalau dakika 10, na mamlaka za afya za nchi kadhaa hupendekeza dakika 30 kwa usalama zaidi. Maharage yaliyopashwa kwenye joto la nyuzi 80 hivi bila kutokota yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwenye nyanda za juu na kwenye sufuria kubwa. Kwenye mwinuko wa meta 1,300 maji huchemka karibu na nyuzi 96 badala ya 100, kwa hiyo maharage huchukua muda zaidi kuiva kuliko ziwani. Sufuria ya lita 30 juu ya mafiga inaweza kutokota upande mmoja huku upande wa pili ukiwa wa vuguvugu tu. Ndiyo sababu maharage hukorogwa mpaka chini wakati moto ungali mkali.

Hatari ya pili hutokea baada ya kupika. Sufuria kubwa hupoa polepole sana, na katikati yake hubaki na joto linalowafaa bakteria kwa saa nyingi. Bakteria kama Clostridium perfringens na Bacillus cereus huacha mbegu ndogo zinazostahimili kuchemshwa, nazo huamka chakula kinapopoa. Kanuni ya kawaida ni kwamba chakula kilichoiva kibaki juu ya nyuzi 60, au kisikae nje zaidi ya saa 2. Katika shughuli isiyo na jokofu, njia rahisi ni kuacha makaa machache chini ya sufuria mpaka mgeni wa mwisho ale. Maharage yaliyobaki hugawanywa katika vyombo vidogo na vipana ili yapoe haraka, na huchemshwa tena kikamilifu kabla ya kuliwa. Kwenye misiba, ambako watu hula kwa zamu kutwa nzima, ni salama zaidi kupika sufuria mbili kwa nyakati tofauti kuliko sufuria moja ya kutwa.

Lishe

Maharage makavu yana protini kiasi cha gramu 20 hadi 25 katika kila gramu 100, pamoja na nyuzinyuzi, madini ya chuma na folati. Protini yake ina upungufu wa asidi amino ambazo hupatikana kwenye nafaka, na nafaka nazo hupungukiwa na lisini iliyomo kwenye maharage. Kwa hiyo maharage na ugali wa mahindi hukamilishana. Ugali wa muhogo, unaopendwa sana Buha, una protini kidogo mno, na hapo kitoweo cha maharage huwa na umuhimu mkubwa zaidi.

Mawese mekundu yana karotini kwa wingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini huharibika mafuta yakichomwa kwa muda mrefu mpaka rangi yake ipauke. Mawese yaliyobaki mekundu ndani ya mchuzi yana faida zaidi kuliko yaliyopaushwa. Mafuta haya pia yana mafuta mgando mengi, kwa hiyo hayapaswi kuzidishwa. Vitamini C ya kachumbari, limau au papai linaloliwa pamoja na maharage husaidia mwili kunyonya madini ya chuma.

Kuni na maji

Maharage hutumia kuni nyingi kuliko vyakula vingi vya kila siku. Katika vijiji na katika kambi za wakimbizi wanaopata mgao wa jamii kunde, kutafuta kuni ni kazi inayowaangukia zaidi wanawake na watoto, na hupunguza misitu. Kuloweka usiku kucha hupunguza muda wa kupika kwa kiasi kikubwa. Njia nyingine ni kikapu cha joto: sufuria hutokota kwanza kwa nusu saa, kisha hufunikwa vizuri na kuwekwa ndani ya kikapu kilichojazwa nguo au majani makavu ya mgomba, ambamo huendelea kuiva bila moto. Kutokota kwa mwanzo hakupaswi kurukwa, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu.

Katika mikusanyiko

Kwenye shughuli za Kasulu na Kibondo kazi hugawanywa. Majirani na jamaa huja na sufuria, kuni, maji na maharage, na kina mama wenye uzoefu husimamia moto. Nyama au kuku, vikiwepo, haviwezi kutosha kila mtu kwa wingi, lakini maharage hutosha. Hii ndiyo sababu familia isiyo na uwezo mkubwa huweza kuwalisha watu wengi bila kuaibika.

Huliwa pamoja na ugali wa muhogo au wa mahindi, wali, ndizi za kupika, viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha. Ndizi mbichi huweza pia kupikwa ndani ya sufuria ileile ya maharage. Dagaa au migebuka kutoka Ziwa Tanganyika huwekwa pembeni. Mawese huganda yakipoa, hasa wakati wa baridi ya Juni na Julai, na kuacha utando kinywani. Kwa hiyo chakula hiki hupakuliwa kikiwa cha moto.

Maharage ya matabaka

Jamaa wa mbali wa chakula hiki ni maharage ya matabaka ya Texas, nchini Marekani. Ni kitoweo baridi cha kuchovya kilichoenea katika sherehe za nyumbani tangu miaka ya 1980, chini ya upishi uitwao Tex-Mex, yaani upishi wa Texas wenye asili ya Meksiko. Huwa na maharage ya kupondwa chini, kisha parachichi, malai chachu, nyanya na jibini, kila kimoja katika tabaka lake, na huliwa kwa vipande vikavu vya chapati za mahindi. Sehemu kubwa ya mazao yake hulimwa pia katika nyanda za juu za Kigoma, kwa hiyo kinaweza kutengenezwa huko bila kuagiza kitu kutoka mbali.

Kwa watu 20 huhitajika kilo 1 ya maharage makavu, maparachichi 6, lita 1 ya maziwa mgando, nyanya 8, vitunguu 3, malimau 3, pilipili na chumvi. Maharage huchemshwa kama ilivyoelezwa, hupondwa, kisha hukaangwa na kitunguu mpaka yawe mazito. Mafuta ya alizeti hufaa kuliko mawese, kwa sababu hayagandi yakipoa. Maziwa mgando huchujwa kwenye kitambaa safi kwa saa chache ili maji yatoke. Parachichi hupondwa na maji ya limau, ambayo huzuia lisiwe jeusi haraka.

Maharage yaliyopoa hutandazwa kwenye sinia, kisha parachichi, kisha maziwa mgando, na mwisho kachumbari iliyokamuliwa maji. Jibini huweza kuachwa. Huliwa kwa vipande vya chapati au mihogo ya kukaanga. Kwa kuwa chakula hiki hakina moto wa kukilinda, hupangwa wageni wakiwa wamefika na humalizwa ndani ya saa 2.

Tazama pia

- Maharagwe
- Mchikichi
- Waha
- Mkoa wa Kigoma
- Uvinza